Turubai Uani kwa Kavuo

Kavuo anauza mazulia sokoni Butembo, na ukitaka kumkasirisha, mwambie zulia lake limetoka China. "Hapana! Hii iko ya Antep!" Hapo umekwisha. Utasimuliwa habari za Antep, mji wa Uturuki alikokuwa akifanya kazi kiwandani, mpaka miguu ife ganzi. Mimi ni jirani yake, nimesimuliwa hadi naijua ngazi ya nyumba ya Mama Nuriye, mwenye nyumba wake, aliyempandishia supu kila alipougua na kumwita "binti yangu".

Basi asubuhi moja ya Februari redio ikatangaza kwamba tetemeko limeangusha majumba kule Antep. Kavuo akampigia Mama Nuriye. Simu haikupita. Akapiga tena amepanda juu ya kiti, eti mtandao uko juu juu. Kufika saa sita alikuwa ameketi chini uani, analia kwa sauti, na Kavuo akilia, bonde zima linajua.

Huku kwetu mtu akilia namna ile, hakuna anayeuliza kwanza. Jirani yetu Anne-Marie alikuja na mzigo wa kuni. Wengine wakaleta maharagwe, ndizi na viti. Stanislas, anayetunza turubai la misiba la shirika letu la parokia, alikuwa ameshalifunga juu ya ua kabla Kavuo hajapangusa pua.

"Batu bangu, hatuyue kama alikufa!" Kavuo akapiga kelele.

Stanislas alitazama kamba za turubai lake kwa huzuni. "Mais Mama, bâche nimeisha kuifunga. Tulie kwanza, kiisha tutajua."

Anne-Marie akauliza marehemu alibatizwa jina gani, ili aimbiwe vizuri.

"Iko muislamu," Kavuo akasema.

Stanislas akafikiri kidogo. "Donc tutaimba polepole."

Tukaimba polepole. Mvua ikaanza, baridi ikaingia, tukajifunika mablanketi kuuzunguka moto, tukimlilia bibi ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Nililia vizuri sana, nikikumbuka ile ngazi.

Ghafla simu ikaita. Ilikuwa ya video. Kavuo alitazama, akapiga ukelele, na sisi tukajua basi, habari mbaya imefika, tukaangua kilio cha kweli.

"Munyamaze! Iko muzima! Mama yangu iko muzima!"

Jamani, tulivyosukumana! Nikamwona kwa macho yangu: bibi mwenye kitambaa kichwani, amejifunika blanketi, ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, na theluji inaanguka nyuma yake. Nilitaka kumkumbatia. Yeye naye akakaza macho, akatuona sisi: turubai, mablanketi, moshi, watu wamevimba macho. Akashika mdomo, akaanza kulia.

"Anasema nini?" Stanislas akauliza.

Kavuo alishindwa kutafsiri kwa kucheka. "Anauliza kama tetemeko ilifika na huku! Anauliza nyumba zetu ngapi zilianguka!"

Ua mzima ukalipuka. Anne-Marie alicheka mpaka akaanguka juu ya kuni zake. Stanislas alilishika turubai lake na kulitikisa mbele ya simu ili kumweleza, ndipo Mama Nuriye akazidi kulia, na Kavuo akamfukuza Stanislas. Kumweleza kilio chetu kulichukua muda, na alipoelewa alicheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani.

Kisha Kavuo akauliza juu ya nyumba. Mama Nuriye akatikisa kichwa. Hakuna nyumba. Hata ngazi haipo.

Kicheko kikakatika. Kavuo alianza kulia upya, safari hii bila sauti, na sote tukaangalia moto. Mama Nuriye akamwita mara mbili, akasema neno fupi.

"Anauliza kama nimekula," Kavuo akatuambia.

Hakuwa amekula tangu asubuhi. Anne-Marie akampakulia maharagwe, nami nikaishika simu. Mama Nuriye, chini ya turubai lake, alikataa kukata simu mpaka aone sahani tupu.