Nilimfuta Baba Mkwe kwa Mapishi ya Samaki

Nimekosa, ndugu zangu, na nilikosa huku nikicheka. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu akichukua kitu cha watu kwa njaa atahurumiwa. Mimi nilichukua kwa furaha tu, furaha ya kitoto, na umri huu!

Jina siwapi. Naishi Busia upande wa Kenya, nimezaliwa Tororo, na nimeoa Bulumbi, upande wa Uganda. Mke wangu nitamwita Nabwire, kwa sababu akina Nabwire ni wengi kule na hamtajua ni yupi.

Chanzo ni kompyuta. Si hizi za kukunja za siku hizi. Nasema zile za zamani kabisa, za nyumbani, ambazo mashine yote ilikuwa ndani ya kibodi na unaichomeka kwenye televisheni. Nilipokuwa shule ya msingi Tororo, jirani yetu mwalimu alirudi nayo kutoka masomoni ng'ambo. Jamani, mwalimu yule alitusomea maneno ya kwenye boksi kama anasoma Injili! Itampangia mama mapishi. Itamtunzia baba biashara. Watoto watakuwa wanasayansi. Familia yote itakaa pamoja jioni, na dunia mpya itakuwa imeingia sebuleni. Pichani kulikuwa na baba wa Kizungu amevaa tai ndani ya nyumba yake mwenyewe, meno yote nje.

Tulichoona sisi dirishani ni kimraba kimoja kikiwaka na kuzimika. Basi. Lakini nilirudi nyumbani nikashindwa kula!

Sasa mwaka jana napita kwenye mitumba ya vyombo vya umeme hapa mpakani, naona nini kati ya pasi na birika? Ile ile! Na boksi lake! Na baba wa tai bado anacheka! Nilipiga kelele mpaka mwenye meza akafikiri nimeibiwa. Nikaibeba nyumbani pamoja na kinasa sauti cha kaseti, na televisheni ya kichogo niliyoitoa kwa rafiki yangu Malaba.

Nabwire akauliza itafanya nini. Nikamsomea boksi. Akasema simu yake inafanya hayo yote na bado inapiga simu. Nikamwambia hana imani.

Tukaanza na mapishi, kama boksi lilivyoagiza. Nikaandika programu ya samaki mkavu kwa karanga, kwa vidole viwili, jioni nzima. Nafasi ikajaa, ikabidi niondoe vitunguu. Ikakubali! Maneno yakatokea kwenye kioo, watoto wakashangilia, mimi nikacheza sebuleni na kibodi mkononi. Kisha umeme ukakatika na samaki wote wakapotea.

Kwa wasiojua, mashine hizo zikizimwa hazikumbuki kitu. Ukitaka kuhifadhi kazi yako unairekodi kwenye kaseti, hizi hizi za nyimbo, na inaingia kama mlio mmoja mrefu, kriiiii, kama paka aliyekanyagwa mkia. Nilitafuta kaseti Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda. Vijana wa madukani wakanicheka, wakaniuzia memori kadi.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Tulikwenda Bulumbi kusalimia. Mnajua kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hampeani mkono, hamli pamoja, hamkai mkitazamana, na ukiwa na neno unalipitisha kwa shemeji. Mimi huwekwa sebuleni, chakula naletewa kwa heshima zote, mama anabaki jikoni. Basi siku hiyo nikiwa peke yangu nikaiona redio ya marehemu baba mkwe, na juu yake kaseti moja isiyoandikwa kitu.

Ningemtuma shemeji yangu Wandera akaulize. Lakini Wandera ana mdomo, angetaka kujua ni ya nini, na mimi ningeanza kueleza habari za boksi mpaka jua lizame. Nikajiambia ni nyimbo za kale tu. Nikaitia mfukoni. Mimi, mkwe, mtu nisiyeruhusiwa hata kukalia kiti cha mzee! Nabwire alipouliza nimeipata wapi, nikasema sokoni.

Sikuisikiliza hata kidogo. Pale ilipokuwa imesimama ndipo nilipoanza kurekodi. Kriiiii, samaki akahifadhiwa! Ikawa kila jioni tunampakia upya, watoto wamejipanga chini, mlio unaijaza nyumba. Siku moja Nabwire alituita mezani. Samaki wa kweli alikuwa ameiva na ameshapoa, na yule wa kwenye kaseti bado anapakiwa. Tulicheka mpaka machozi. Sidanganyi, familia ilikaa pamoja, boksi lilisema kweli!

Baadaye mwalimu mmoja wa Kwapa alinipa kaseti tupu. Samaki nikamhamishia huko, na ile ya Bulumbi nikairudisha juu ya redio kimyakimya. Nikajiona mwaminifu kweli kweli.

Mwezi uliopita ikafika kumbukumbu ya mzee. Sala nyumbani, hema, majirani, katekista. Baada ya sala Wandera alisimama akaeleza kwamba baba yao alijirekodi alipokuwa anaumwa, na siku hii kila mwaka mama hujifungia chumbani akamsikiliza peke yake. Mwaka huu amekubali wote wasikie. Sauti nyingine ya mzee hakuna.

Akaichukua kaseti pale juu ya redio.

Mzee akaanza, kwa Kisamia, polepole, na kikohozi chake. Alitaja watoto wake mmoja mmoja. Akina mama wakaanza kufuta macho. Kisha akasema, "Sasa wanangu, jambo moja nataka mlishike..."

Kriiiiiiii!

Kuku wakatawanyika. Katekista akashika rozari akaanza kukemea pepo. Wandera akaipiga redio makofi. Watu walishtuka wote isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa Nabwire, aliyeusikia mlio ule kila jioni nyumbani kwake. Aligeuza shingo taratibu akanitazama.

"Huyo ni samaki," akasema.

Nikasimama nikasema yote, kaseti, mfuko, uongo wa sokoni. Mama mkwe alikuwa upande wa wanawake, uso ameuinamisha. Hakunitazama. Alimwambia mwanawe, "Wandera, uliza yeye, hiyo kelele iko nasema nini."

"Mwambie mama," nikajibu, "inasema loweka samaki, twanga karanga."

Hema likapasuka kwa kicheko! Hata katekista! Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa woga. Wandera akataka kuokoa mambo, akasema yeye anajua baba angemalizia vipi, akaanza kuiga sauti yake. Mama akamwambia akae chini.

"Maneno mimi najua yote," akasema. "Mimi nasikilizaga sauti."

Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Wazee walinitoza mbuzi kwa kuvunja heshima ya ukwe, nikatoa. Lakini adhabu yenyewe aliitoa mama, kupitia kwa Wandera. Kwa kuwa ni mimi ninayejua mlio unaingia wapi, kila Jumapili nivuke mpaka nikaiendeshe kaseti. Nilimnakilia sauti iliyobaki kwenye simu, akaikataa, anataka redio ya mume wake. Kwa hiyo nakaa pale sebuleni nimempa mgongo, kidole kwenye kitufe. Mzee anataja watoto, anakohoa, anafika kwenye jambo moja, nami nazima kabla samaki hajaingia. Wakati mwingine nachelewa kidogo, kri! Namsikia mama akicheka nyuma yangu, na moyo wangu unapata nafuu.

Jumapili iliyopita nilizima vizuri kabisa. Kisha nikamsikia akimalizia mwenyewe, kwa sauti ndogo, "msimwache mama yenu akakaa peke yake." Sikugeuka. Nilibaki pale pale mpaka Wandera alipokuja kuuliza kama leo sirudi kwangu.

Ninyi mnaopenda vitu vya zamani kama mimi, pendeni tu, raha yake naijua! Lakini kaseti isiyoandikwa msidhani ni tupu. Ulizeni. Kama desturi haiwaruhusu, tumeni shemeji, hata kama ana mdomo, na jibu lisipokuja, iacheni juu ya redio ya wenyewe.