Manette Haitokake mu Mukono ya Muzima

Moshi wa jenereta ndogo ukichanganyika na harufu ya maziwa yaliyofurika sufuriani na kuungulia kwenye makaa: hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Majuzi niliipata hapa Goma, nyuma ya kibanda cha chai, nikasimama na madaftari ya wanafunzi wangu mkononi mpaka mwenye kibanda akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, nikanunua chai ambayo sikuihitaji. Kuna watu ambao maziwa huwakumbusha mama zao. Mimi hunikumbusha michezo ya video, na kaka yangu.

Ndiyo, mwalimu mzima na bado nacheza. Msinicheke. Nacheza kwenye simu nikiwa kwenye foleni, nikingoja mvua ipungue, na nina maoni yangu ambayo hakuna aliyewahi kuniomba. Michezo ya siku hizi inapendeza macho. Ile ya mpira unaona hadi jasho kwenye shingo ya mchezaji. Ila inakubembeleza mno. Ukifungua mlango tu inakupigia makofi na kukupa zawadi, kana kwamba wewe ni mtoto wa kwanza duniani kujifunza kutembea. Ile ya vita siitaki kabisa. Wanafunzi wangu wanaisifu, lakini mimi naona watu wanakimbia siku nzima na hakuna hata mmoja aliyebeba godoro. Aliyeitengeneza hajawahi kukimbia.

Ninayoiheshimu ni ya zamani. Nyoka wa kwenye simu za vitufe alikuwa na haki yake: unakula, unarefuka, unajigonga mwenyewe, huna wa kumlaumu. Matofali yale yanayoanguka yalinifundisha kupanga mizigo kuliko mpakiaji yeyote wa malori. Lakini juu ya yote naweka mchezo mmoja ambao hata jina lake sikulijua, kwa sababu kaseti yake ilikuwa imeandikwa kwa herufi za Kichina. Sisi watoto wa Kitshanga tuliuita Mubebaji.

Tulifika Kitshanga nikiwa na miaka minane: mimi, Mama, na yaya Bauma. Yaya ni ndugu mkubwa, ndivyo tunavyomwita kwetu, na Bauma alikuwa na miaka kumi na sita. Baba nilikuwa simkumbuki. Tulitoka Ngungu baada ya vita kuingia mashambani, tukaja na ng'ombe wawili waliobaki, tukajenga kibanda cha turubai kambini kama wengine. Ng'ombe tuliwaweka kilimani kwa mjomba mmoja. Kila alfajiri Bauma alikwenda kukamua, kisha mimi na yeye tuliteremka na bidoni la maziwa hadi dukani kwa Papa Muhindo.

Papa Muhindo alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Butembo, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima hadi mashavu yanaingia ndani. Mbele aliuza sabuni na chumvi. Nyuma mkewe alichemsha maziwa yetu kwa ajili ya chai. Na katika chumba cha pembeni kulikuwa na televisheni na mashine ya michezo. Jenereta iliwashwa ili kuchaji simu za watu, na kabla simu hazijawa nyingi, sisi wapeleka maziwa tulipewa partie moja, yaani zamu moja ya kucheza. Moja, si mbili. Partie moja ilikuwa na vie tatu, yaani Mubebaji wako angeweza kufa mara tatu, halafu basi.

Juu ya televisheni Papa Muhindo alikuwa amebandika kipande cha katoni chenye mwandiko wake mnene: Manette haitokake mu mukono ya muzima. Manette ni kile kifaa cha vitufe unachokishika unapocheza. Vijana wawili waliwahi kuigombania na kuivunja, na tangu siku hiyo ikawa sheria. Ukiwa bado unaishi kwenye mchezo, hakuna wa kukunyang'anya manette, wala wewe huruhusiwi kumpa mwenzako. Lazima ufe kwanza. Sheria hiyo aliishika kama alivyoshika Kwaresima. Mwanawe mwenyewe alipojaribu kumwachia rafiki yake manette ili akajisaidie, alizima televisheni tukatoka wote.

Mubebaji alikuwa mtu mdogo mwenye mzigo mgongoni mkubwa kuliko yeye. Alitembea kuelekea kulia, akiruka mito na madaraja yaliyokatika. Nchi ya kwanza ilikuwa ya matope, ya pili ya madaraja, na kila nchi ilianza kwa jiwe jeupe. Ukishapita jiwe ukafa, vie inayofuata inaanzia pale kwenye jiwe, hurudi nyuma. Nchi zilikuwa saba, ndivyo ilivyosemekana, na mwisho wake hakuna aliyeuona Kitshanga nzima. Kuuona mwisho wa Mubebaji ndilo jambo lililotuumiza vichwa sisi watoto kuliko hesabu za kugawanya.

Bauma, kwa kuwa ni mkubwa, alianza. Vie mbili za kwanza zilikuwa zake, ya mwisho yangu. Alivuka matope, alivuka madaraja, analipita jiwe la nchi ya tatu, na hatua mbili mbele, bum, anatumbukia shimoni. Kila siku, shimo lile lile. Kuna siku alifika pale bila kufa hata mara moja, akatumbukia mara mbili mfululizo. Chumba kizima kilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikampa jina la mukono ya muti, na jina likashika mpaka wauza mkaa wakawa wanamwita hivyo sokoni. Yeye alitabasamu tu na kunipa manette, kwa kuwa sasa alikuwa amekufa na sheria ilimruhusu.

Na mimi nilianzia nchi ya tatu. Sijui niielezeje. Baada ya matope na madaraja, ghafla vilima vya kijani, na nyuma ya Mubebaji wakipita ng'ombe wenye mabaka, wadogo, polepole, wakiinamisha vichwa kula majani. Siku ya kwanza kuiona nilitamka kwa sauti, "Ngungu." Ikabaki jina lake. Sikuwa na haraka ya kwenda popote humo. Nilitembea hatua chache, nikasimama kuhesabu ng'ombe, na Bauma akiegemea mlango aliniuliza wako wangapi leo. Nilimwambia. Kisha mamba au jiwe linalobingirika liliniua, tukabeba bidoni letu tupu tukarudi kambini.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nilikuwa nimefikisha miaka tisa, nimeshajua kugawanya, na nikaona nimeibiwa. Yeye mbili, mimi moja, na zake anazitupa shimoni. Nilijiambia kwamba kama ningepewa zote tatu, ningeuona mwisho. Wazo hilo lilinikaa kooni wiki nzima. Asubuhi moja, chumba kikiwa kimejaa, nilisimama mbele ya televisheni.

"Leo miye njo naanza," nilimwambia. "We uko na mukono ya muti. Unaharibishaka tu vie zetu."

Watu walicheka. Bauma alinitazama kidogo, akasogea.

"Sawa, Espe. Anza."

Nilikufa mara tatu kwenye matope. Daraja la kwanza sikulifikia. Safari hii walinicheka mimi, na aibu ile, nawaambia, bado naijua ilivyokuwa na moto kwenye masikio. Nilitupa manette chini, nikamwambia yaya wangu mbele ya watu kwamba ameniloga, kwamba asiniongeleshe tena. Nikarudi kambini peke yangu. Kwa siku tano nilimnunia. Alikamua, alibeba bidoni, na mimi nilitembea hatua kumi nyuma yake kama mtu tusiyejuana.

Siku ya sita alikuwa anaondoka. Shule ilikaribia kufunguliwa, maziwa ya ng'ombe wawili hayakutosha kutulisha na kunisomesha, na kulikuwa na vijana waliokuwa wakielekea Walikale kuchimba madini. Mama alikuwa amepinga, kisha amenyamaza. Asubuhi ile nilikuwa nimelala nimeupa mlango mgongo, nikitazama turubai, macho wazi. Bauma aliinama mlangoni.

"Espe, niko naenda. Maziwa utapelekaka wewe. Partie iko yako yote sasa, vie zote tatu."

Mama aliniambia niamke nimuage yaya. Sikugeuka. Nilisikia Mama akimwombea njia, nikasikia viatu vyake vya plastiki kwenye tope, vikienda. Nilijua kabisa kwamba ningeweza kukimbia na kumfikia kabla ya barabara. Nilijua, na nililala pale pale.

Basi nikapeleka maziwa, nikacheza vie zote tatu. Kila asubuhi, tatu. Sikufika Ngungu hata siku moja. Nilifia kwenye matope, baadaye nikajifunza matope nikafia kwenye daraja la pili. Niliwaza kwamba labda mashine imezeeka. Niliwaza pia kwamba amekwenda na bahati yangu, na nikazidi kumkasirikia mtu ambaye hata hakuwapo.

Mvua za Novemba zilikuwa zimekolea alipokuja mwanamume mmoja kwa miguu, amebeba jaketi la Bauma mkononi. Alikaa kwenye kigoda chetu, akatueleza. Homa ilimpata Bauma huko machimboni, hakukuwa na dawa, na yeye akasisitiza kurudi kwao. Walitembea naye kwa siku kadhaa. Walipofika Buleusa hakuweza tena kuinuka. Watu wa kanisa la pale walimzika vizuri, alisema, kwa sanda na kwa nyimbo. Mama alikuwa amelishika jaketi kwa mikono miwili na hakulia bado. Aliuliza tu kama mwanawe aliacha neno.

"Alikuwa na homa sana, Mama," yule mtu alijibu. "Alikuwa anauliza tu kitu moja. Espe alifika Ngungu?"

Mama alitikisa kichwa, akasema masikini, alifikiri tumesharudi nyumbani. Hapo ndipo alipolia. Mimi peke yangu katika kibanda kile nilijua anauliza Ngungu ipi, na sikumwambia Mama. Nilidhani ananicheka. Mungu anisamehe, nilikuwa na miaka tisa, na nilidhani yaya wangu hata akiwa anakufa ananicheka kwa sababu anajua siwezi.

Miaka ilipita, kama inavyopita. Nilisoma, nikawa mwalimu, Mama akazeeka kwangu. Mwaka jana mwalimu mwenzangu aliniwekea kwenye simu programu ya michezo ya zamani, na nikiperuzi orodha yake nikamwona mtu mdogo mwenye mzigo mgongoni. Nilicheza kila jioni baada ya kusahihisha madaftari. Matope yalinichukua siku kadhaa. Madaraja yalinichukua mwezi, na sizungumzii vie tatu, nazungumzia mamia. Mle kuna daraja la nne ambalo linakatika ukiwa hewani, na mimi niliyejiona mchezaji nilitukana kwa lugha zote ninazozijua. Bauma alilivuka kila asubuhi akiwa hajala.

Kisha nikafika kwenye jiwe. Nikalipita, na nikajiandaa kwa lile shimo lililomshinda. Ni kashimo. Upana wake haufiki hatua moja ya Mubebaji. Nililiruka mara ya kwanza bila kufikiri, nikarudi nyuma nikaliruka tena, na tena. Nikajaribu kutumbukia. Haikuwa rahisi, ilibidi nimpeleke ukingoni, nimsimamishe, nimsukume kwa makusudi. Ng'ombe walikuwa wanapita nyuma yake, na Mubebaji wangu alikuwa amekufa ndani ya shimo ambamo hakuna anayeingia kwa bahati mbaya.

Alijua kwamba angeweza kuendelea. Pengine ni yeye peke yake, katika Kitshanga nzima, ambaye angeuona mwisho. Lakini manette isingeweza kutoka mkononi mwake akiwa mzima, na mimi nilikuwa nimesimama kando yake nikisubiri.

Sijui nimweleze nani. Mama sijamwambia, kwa kuwa nikimwambia itabidi nimwambie na mengine. Buleusa, alikozikwa, sijawahi kufika. Barabara haikuwa salama, kisha nikaogopa, na ukweli ni kwamba kuogopa kumechukua miaka mingi kuliko barabara. Mgongo wangu ndicho kitu cha mwisho alichokiona yaya Bauma nyumbani kwetu, mtu aliyekubali kuchekwa kila asubuhi ili mimi nione ng'ombe.