Siku tatu bila umeme, na duka la jibini la Kiitaliano likiwa mikononi mwangu (Joburg)

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Hii siyo chai. Yamenikuta mwenyewe hapa Johannesburg, nasimulia kama yalivyokuwa.

Mimi ni dada wa Tanga, Joburg nina miaka sita. Nafanya kazi kwenye duka la vyakula vya Kiitaliano, kusini mwa jiji, karibu na Rosettenville ninakoishi. Mwenye duka ni mama wa Kiitaliano, mjane, kapita sabini. Wote tunamwita Signora.

Naanza kazi, jibini niliyoijua ni ile ya vipande vya njano vya kwenye burger. Basi.

Wiki ya kwanza nikajitia usafi. Nikakusanya vipande vyote, nikavibana kwa plastiki, nikavipanga kwenye kontena moja. Parmigiano na pecorino, zile ngumu, na gorgonzola ile yenye mishipa ya buluu.

Kesho yake kila kitu kinanuka gorgonzola, na plastiki imejaa jasho.

Signora hakufoka. Akanivuta kiti. "Zuhura, jibini inapumua. Wewe ungependa kulala umefungwa plastiki usoni?"

Kuanzia siku hiyo akanifundisha. Jibini ngumu unaifunga kwa karatasi ya nta, unaiweka droo ya chini ya friji, pale pa mboga. Yenye harufu kali inakaa chombo chake peke yake. Kabla ya kula unaitoa mapema kama saa moja hivi, maana ikiwa baridi haina ladha. Ngumu ikiota ukungu, unakata sehemu ile na kidogo ya pembeni yake, inayobaki unakula. Laini ikiota ukungu usiotakiwa, tupa yote, usiionee huruma.

Na zile punje nyeupe ndani ya parmigiano iliyokomaa siyo uchafu. Ni dalili ya umri. Wateja wengi huzirudisha wakidhani wameuziwa mbovu!

(Waislamu wenzangu najua mtauliza. Jibini nyingi za jadi hugandishwa kwa kitu kinachotoka tumboni mwa ndama. Mimi nauliza kwanza, na ninaonja zile zilizogandishwa kwa mimea au zenye alama ya halal. Zilizobaki nazijua kwa pua na vidole tu. Pua yangu sasa hivi ni hatari.)

Tuendelee.

Kiangazi hiki binti yake Signora akawa anajifungua Cape Town. Mama akapanda ndege Jumatano, akaniachia funguo. Jumapili kulikuwa na harusi ya familia ya wateja wetu wa miaka yote, na meza yao ya jibini tunaandaa sisi. Pecorino tatu nzima za duara kama magurudumu, nusu ya parmigiano, provolone mbili, zote ngumu.

"Nakuamini," akasema. Neno hilo zito, wakuu.

Alhamisi asubuhi nafika, mtaa mzima giza. Hata robot, yaani taa za barabarani, zimezima. Kebo imeungua, mafundi wanasema huenda siku tatu.

Eish.

Nampigia Signora, simu haipatikani. Yuko hospitali na mwanawe. Joto la nje lilikuwa la kukaangia yai. Nikakaa chini nyuma ya kaunta nikalia, sioni aibu kusema.

Hapo ndipo akaingia Mama Furaha, jirani yangu Mkongomani anayepika mikate na sambusa kwa jiko la gesi. Alikuja kuuliza kama na sisi hatuna umeme. Akanikuta na machozi.

"Dada, unalilia nini?"

Nikamwonyesha friji.

Akacheka mpaka akashika mlango. "Mie natoka Masisi! Kule kwetu fromage iko inakaa juu ya mbao, sokoni, hakuna frigo hata moja. Ile ya nguvu, ile ngumu, haiogopi kitu. Lilia ile ya maji maji."

Wakuu, akili ikarudi. Alichosema ndicho Signora alichokuwa akinifundisha, ila mimi nilikuwa nimekariri friji.

Tukagawa mzigo. Zile ngumu tukazifunga karatasi, tukazipeleka stoo ya nyuma, upande usiopigwa jua, sakafu ya mawe. Tukatundika mashuka yenye maji mlangoni. Asubuhi na mapema nafungua upepo uingie, jua likipanda nafunga. Kila baada ya muda nazigeuza na kuzinusa. Gorgonzola nikaizika kwenye barafu niliyonunua spaza, kiduka cha mtaani.

Zikabaki mozzarella na ricotta, zile laini za maji maji, na hizo hazingoji.

"Tupike," akasema Mama Furaha.

Ricotta ikaingia kwenye sambusa pamoja na mchicha na pilipili manga. Mozzarella tukaiweka juu ya mikate ya moto na nyanya. Tukatoa meza nje. Mtaa mzima haukuwa na pa kupikia, kwa hiyo watu walikuja wenyewe. Wareno, Wazulu, Wakenya wa benki waliokosa mkutano wa mtandaoni. Bibi mmoja wa Kizulu alirudi mara tatu, kila mara akisema "Hawu!" kama vile ndiyo kwanza anaonja.

Ijumaa jioni hakikubaki kipande cha jibini laini.

Jumamosi asubuhi Signora akaingia na begi lake. Aliona friji wazi, tupu. Nikampeleka stoo.

Akagonga gurudumu moja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama ndani kuna ufa. Akagonga la pili, na la tatu. Akachukua kisu, akakata kabari nyembamba, akanusa, akatia mdomoni, akafumba macho.

Kisha akasema, "Babu yangu hakuwahi kuwa na friji maishani mwake."

Akanikumbatia! Yule mama hakumbatii mtu. Akatuonyesha picha za mjukuu, tukapiga vigelegele mimi na Mama Furaha mpaka wapita njia wakachungulia.

Harusi ilikula vizuri. Na sasa kila Ijumaa Mama Furaha analeta sambusa za ricotta dukani. Signora kaandika ubaoni kwa mkono wake "SAMBUZA". Hatujamrekebisha.

Nilichojifunza: ukinunua jibini, uliza ni maziwa ya mnyama gani, imekomaa muda gani, na onja kabla hujafungiwa. Nunua kidogo, umalize. Na usikariri kanuni, elewa sababu yake. Mimi sababu nilikuja kufundishwa na mama wa Masisi.

Wadau wa Goma na Masisi, jibini yenu mnaihifadhije nyumbani? Na wa Tanga mliowahi kujaribu kugandisha maziwa wenyewe, shusheni maujuzi hapa. Nasoma kila comment.