Ngoja Maji Yatulie

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu Furaha: siku ambayo baba yangu alinionyesha samaki watatu katika beseni ili nisiolewe Jumamosi. Kaa nikusimulie, maana huyo kijana wako wa Mugunga anataka jibu la posa Jumapili, na mimi bibi yako naona hulali.

Wakati huo vita vilitutoa nyumbani, tukakimbilia kwa shangazi yangu upande wa Lac Vert, nje ya mji. Watu walibeba magodoro na masufuria. Baba alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, naye alibeba bidoni, dumu la njano lililokatwa shingo, ndani yake samaki wadogo aliowavua kwenye mawe ya Ziwa Kivu kwa ajili ya wanafunzi wake. Godoro letu likabaki. Mama hakumsamehe kwa hilo mpaka uzee wake.

Aliyetubebea mizigo mingine ni Amani, kijana aliyeuza vipuri vya pikipiki pale Birere, mjini. Alikuwa na shati safi, manukato na maneno matamu. Hatukuwa tumefahamiana hata mwezi, akataka tufunge ndoa Jumamosi kisha tupande boti kwenda Bukavu. Nilimtaka, sitakuficha. Lakini baba aliponiuliza kwa nini namtaka, jibu nililopata ni kwamba hali ni mbaya.

Shangazi alikuwa upande wa Amani. "Mchagua nazi hupata koroma," aliniambia, na nazi yenyewe hakuwahi kuiona ikiwa juu ya mti. Mama naye alikuwa na hofu.

"Muache aolewe," alimwambia baba. "Bwana akipatikana wakati kama hii, ni Mungu."

Baba hakubishana nao. Alimimina maji safi katika beseni jeupe, akatia jike mmoja wa kijivu na madume wawili, mmoja wa buluu iliyokolea, mwingine amepauka kwa ugonjwa. Jike alizunguka kidogo, kisha akamfuata yule wa buluu.

"Unajua nani alimupaka huyu wa buluu rangi?" baba aliniuliza.

"Ni Mungu, papa."

"Njo, ndiyo, ni Mungu. Lakini alitumia macho ya bamama, hawa majike."

Akanieleza polepole, kama alivyozoea darasani. Samaki hawa, jike ndiye anayebeba mayai mdomoni, kisha anawabeba watoto humo humo, siku nyingi bila kula vizuri. Akikosea kuchagua, hasara ni yake zaidi kuliko ya dume, kwa hiyo huangalia sana. Rangi kali hukaa kwa dume mwenye afya, tena humfichua kwa ndege wanaovua samaki. Anayeibeba na bado yu hai ana nguvu za kweli. Majike wakapenda buluu, watoto wa kiume wakarithi buluu, wa kike wakarithi kuipenda, kizazi hata kizazi, mpaka madume wakawa hivi tunavyowaona. Mwenye kubeba ndiye mwenye kuchagua, alisema baba, na kuchagua kwake ndiko kunakotengeneza ukoo.

Kisha akatupa konzi ya udongo ndani ya beseni, akaniambia nikoroge. Maji yakawa kama chai ya maziwa. Yule jike tulimwona kwa shida, amesimama karibu na dume mgonjwa, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa karibu.

"Rangi ya yule mwingine imetoka?" aliuliza baba.

"Hapana, papa. Maji njo imechafuka."

"Basi na weye uko ndani ya maji kama hii, mutoto wangu. Mimi sisemi Amani ni mubaya. Ninasema haumuone."

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu yalikuwa kweli. Baba alisema pia kwamba ziwa likikaa na tope miaka mingi, majike hushindwa kutofautisha, aina zinachanganyika, na zile rangi zinapotea kabisa.

Nilimwambia Amani angoje, nikamsimulia habari ya beseni. Akawaka.

"Uko unanipima sawa samaki?" alisema, akaenda zake Bukavu peke yake. Nililia mpaka shangazi akaacha kunisimanga.

Mji ulipotulia, alirudi. Duka lake lilikuwa limeporwa, manukato yameisha, amekonda. Alikuja Lac Vert kila Jumapili baada ya misa, akapanda juu ya bati la shangazi kuziba matobo, akabishana na baba, akashindwa, akacheka. Hapo nikamwona. Ndiye huyo babu yako anayekoroma chumbani.

Utaniuliza, kama ni mume yule yule, nilingoja nini? Mwanangu, Jumamosi ile ningempata Amani, lakini nisingejua nimempata nani. Tulipogombana, na tumegombana sana, ningejiuliza kama nilimchagua au nilisombwa na hofu. Sijajiuliza hata siku moja.

Basi nasaha yangu ni hii: usimkatae kijana wako, wala usimkubali Jumapili. Mwambie angoje maji yatulie, na wazazi wake nitaongea nao mimi. Akikasirika, usiogope; babu yako naye alikasirika. Atakayerudi, mwangalie vizuri. Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa kungoja, na kila mtoto utakayembeba awe wa mtu uliyemwona.