Mwavita wa Rumonge apima nyota kwa mistari ya mwanga

Saa nne asubuhi, jua likiwaka juu ya soko la Rumonge, kando ya ziwa, Mwavita Asmani anasogeza cherehani yake kando, anafuta kipande cha kioo kwa kitambaa cha hariri, kisha anakiinamia kwa hadubini. Kioo hicho ni picha ya mwanga wa nyota moja ya kaskazini, uliotawanywa ukawa utepe wenye mistari myembamba.

"Usipumulie hapo," anamwambia mgeni akicheka. "Iko mistari mbili, moja pembeni ya ingine."

Mwavita, 41, ni fundi cherehani. Mwaka wa uhuru, 1962, alishona bendera ya shule. Mwalimu wa fizikia, Lukeba, akaipima kwa rula, asione kosa hata la unywele. Siku hiyohiyo akampa kazi ya pili: kupima mistari kwenye vioo vya picha za nyota alizopiga.

Kwa macho, nyota ile ni moja. Kumbe ni mbili, zinazungukana kwa siku nne kasoro, zikizibana mwanga kwa zamu. Zikipangana moja mbele ya nyingine, mistari yake huungana. Kesho yake, moja ikitujia na nyingine ikitukimbia, kila mstari hugawanyika. Mgawanyiko hueleza mwendo. Mwendo hueleza uzito.

Aprili mwaka huu, 1972, mapigano yalizuka, shule ilifungwa na watu wakatoweka. Lukeba alikimbilia ng'ambo ya ziwa, akamwachia Mwavita vioo 61. Wiki iliyofuata askari walikuja kupekua. Mmoja akainua kioo juani.

"Hii picha ya nani?"

"Ya nyota, mukubwa."

"Nyota iko wapi? Naona mistari tu."

"Ndivyo inajionyesha, mukubwa."

Askari alimkazia macho, kisha akakirudisha taratibu.

"Walipotoka nilivihesabu tena," anasema Mwavita. "Vyote 61 vilikuwepo."

Kwa miezi mitano alipima peke yake. Akapata kwamba nyota hizo zinakaribiana uzito, kila moja ikilizidi jua letu zaidi ya mara mbili. Mchuuzi wa samaki alimpelekea Lukeba hesabu hizo, akarudi na jibu: "Dada, nimerudia mara tatu. Uko sawa. Aksanti."

Mwavita alikwenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka machozi yakakauka.

Bado zinakosekana picha tatu za nyota zikizibana, kwa kuwa mawingu yaliwanyima yeye na Lukeba. Darubini kubwa ambayo Lukeba alipigia picha hizo imefichwa Kigwena, kwa Zuwena, dada yake Mwavita. Februari, nyota hiyo itakapopanda mapema jioni, Mwavita ataitoa.

"Mwalimu alipiga picha, mimi nikapima," anasema. "Sasa nitafanya kazi zote mbili. Akirudi, akute kazi imeisha."