Saa ya Kupukuchua Risasi

Kabla ya Julai mwaka jana Tulinagwe alikuwa na vidole kumi, na aliweza kujaza magazini ya bastola kwa muda ambao mtu mwingine angefunga kamba za viatu. Magazini ni kile kisanduku chembamba cha chuma kinachochomekwa ndani ya mpini. Risasi husukumwa humo moja moja kwa kidole gumba, juu ya springi inayozidi kuwa ngumu kadiri zinavyoongezeka. Leo ana vidole saba. Vitatu alivipoteza mezani, kwenye trei ya plastiki, wakati akitimiza agizo la kampuni yake.

Alizaliwa Kawetele, katika nyumba iliyozungukwa na migomba, binti wa tatu wa wakulima wa chai. Tulisoma naye sekondari. Mimi nikaenda chuo kikuu, yeye akaenda jeshini kwa mafunzo ya JKT, na kati yetu wawili ndiye aliyejifunza kitu kinachoweza kupimwa kwa saa. Alirudi, akaolewa, akamzaa Anyelwisye, akafiwa na mume, kisha akavaa sare ya kampuni ya ulinzi. Alikaa humo miaka kumi na sita, mwanamke pekee kati ya walinzi kumi na mmoja. Lindo lake la mwisho la silaha lilikuwa kituo cha kufungashia parachichi kule Kyimo. Kituo hicho kilikuwa na mashine ya kuchambulia matunda, mota mbili kubwa na betri za umeme wa jua, na hatua kadhaa ndani ya geti palikuwa na kibanda cha mbao chenye dirisha moja.

Silaha ya lindo ilikuwa bastola moja na magazini mbili. Msimamizi wa walinzi, Erasto, alikuwa ameweka utaratibu ambao hakuna aliyewahi kuona umeandikwa popote isipokuwa katika daftari lake: magazini isikae na risasi kupita zamu moja. Kila asubuhi na kila jioni, saa kumi na mbili, mlinzi anayetoka alizitoa risasi zote kumi, akazipanga kwenye trei. Anayeingia alizihesabu, wote wawili wakatia sahihi, ndipo anayeingia akajaza upya. Magazini ya pili ilikaa tupu kabatini, ikipumzika. Kwa maelezo ya Erasto, springi iliyobanwa muda mrefu huwa mvivu, na siku ya siku itashindwa kuisukuma risasi.

Kazi hiyo yote ilifanyika dirishani, mbele ya barabara, kwa sababu ndani ya kibanda mlikuwa na giza. Vijana wa bodaboda walioegesha ng'ambo waliigeuza mchezo.

"Haya, maafande wanapukuchua mahindi!" walipiga kelele kila jioni. "Bibi afande, tutengee gunzi moja!"

Tulinagwe hakucheka. Aliandika barua, akaipeleka mwenyewe ofisini Tukuyu. Aliomba mambo mawili. Magazini moja ikae na risasi saa zote, ndani ya kisanduku cha kufuli, bastola ikiwa pembeni, tupu. Na makabidhiano yafanywe kwa kutazama vitundu vilivyo mgongoni mwa magazini, vyenye namba pembeni, ambavyo viliwekwa kiwandani makusudi ili mtu azione risasi bila kuzitoa.

Erasto aliisoma barua ile akiwa amesimama.

"Mama Anyelwisye, uhandisi wa springi ulisomea wapi?"

"Sikusomea, afande. Ila ile Noah ya bosi imekalia springi zake usiku na mchana, huu mwaka wa nane. Mbona haijalala chini?"

Makarani walicheka. Erasto hakupenda.

"Gari ni gari."

"Na waya wa seng'enge je? Ukiukunja ukauacha, unakaa miaka. Ukiukunja na kuukunjua, kukunja na kukunjua, unakatika mkononi. Sisi tunaikunja na kuikunjua springi hii mara mbili kwa siku. Kama kuna kinachoichosha, ndicho hicho."

"Na vitundu vitatia sahihi?" aliuliza Erasto, akairudisha barua. "Nenda lindoni."

Nasema kwa uzito wote ninaoweza kuupa wino: Tulinagwe alikuwa sahihi. Springi iliyotengenezwa vizuri haichoshwi na kukaa imebanwa. Huchoshwa na kazi ya kwenda na kurudi. Wala sizungumzii bastola ya mwenye duka, aliyoificha chini ya godoro nyumbani kwenye watu. Hiyo itolewe risasi, na kila kimoja kifungiwe mahali pake. Ninazungumzia mlinzi aliyewekwa getini ili asimame mbele ya panga, na ambaye tajiri yake alimpokonya silaha mara mbili kwa siku, kwa saa inayojulikana na soko zima la Kyimo.

Jioni ile ya Julai ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa. Wachambuaji walikwisha kuondoka. Aliyekuwa akitoka lindoni alikuwa Geresoni, mzee wa miaka hamsini na saba kutoka Suma, aliyechuma chai nusu ya maisha yake kabla ya kuingia ulinzi. Vidole vyake vilikuwa vinene na vizito. Alihesabu risasi kwa sauti, kama anayeita mahudhurio.

"Ugonile, mama," alimsalimu Tulinagwe. "Baridi ya leo inataka mtu awe na wake wawili."

"Atupele akikusikia utalala na kuku."

"Basi usimwambie." Alitoa risasi ya kumi, akaisimamisha kwenye trei. "Kumi. Hesabu yako."

Tulinagwe alikuwa ameshika kalamu wakati pikipiki mbili zilipotokea ukunguni, zimezimwa taa, kila moja imebeba wawili. Mtu aliyekaa nyuma kwenye ile ya kwanza alichungulia kupitia geti, akaiona trei dirishani, akageuka.

"Wamepukuchua!" alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na wote wanne wakashuka.

Wa kwanza alilipiga komeo la geti kwa nondo, likaruka. Tulinagwe alikuwa na magazini tupu katika mkono wa kushoto. Alikamata risasi ya kwanza, ikamponyoka, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Akaikamata tena, akaisukuma ndani.

Mlango wa kibanda haukuwa na kitasa, ulifungwa kwa kamba. Geresoni aliusukuma ukafunga, akaugeuzia mgongo, akakita miguu sakafuni.

"Jaza, mama! Jaza!"

Panga la kwanza lilipita kati ya mbao mbili likamwingia begani. Hakusogea. Nondo ilipiga mbao chini, ikamvunja mguu, akateleza kidogo na kusimama tena kwa ule mwingine. Tulinagwe aliingiza risasi ya pili. Aliisikia pumzi ya Geresoni ikitoka na maji. Panga liliingia mara ya pili, shingoni, likakwama katika mbao, na mwenye panga akawa analivuta na kulisukuma ili alitoe, na kila alipolivuta Geresoni alikwenda nalo. Hata hapo hakuanguka, kwa kuwa uzito wake wote ulikuwa umeegemea mlango.

Tulinagwe alikuwa akiisukuma risasi ya tatu wakati mkono ulipopita dirishani na panga likashuka juu ya meza. Hakuhisi maumivu. Aliona tu kwamba trei imegawanyika vipande viwili, na kwamba risasi zinabingirika zikiwa nyekundu, na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vimebaki upande wa pili wa trei.

Aliichomeka magazini ndani ya bastola kwa kiganja. Mkono wa kulia haukuweza kukoki, hivyo aliikwangua bastola kwenye ukingo wa meza hadi chuma kikarudi nyuma na kuachia. Kisha akaelekeza dirishani kwa mkono wa kushoto. Uso uliokuwa pale ulikuwa karibu kiasi cha kusikia harufu ya ugoro. Risasi ya kwanza ilimwingia mtu yule chini ya taya, akadondoka bila sauti. Ya pili ilipiga bati. Hakuwa na nyingine, lakini wale watatu hawakulijua hilo. Waliruka kwenye pikipiki moja, wakaiacha nyingine ikiwa imelala, na mwenzao akitapatapa chini ya dirisha mpaka akatulia.

Mota zilibaki mahali pake. Betri zilibaki. Watu walipofika walishindwa kuufungua mlango wa kibanda kutoka nje, kwa sababu Geresoni alikuwa bado ameuziba.

Wiki ya pili, taarifa ya kampuni ilitoka. Erasto aliiandika mwenyewe. Ilisema marehemu alifariki "kutokana na uzembe wa walinzi wote wawili kuchelewa kujaza silaha wakati wa makabidhiano." Maneno hayo yalifika Suma kabla matanga hayajaondolewa. Atupele, mjane wa Geresoni, alikuja hospitalini, akakaa pembeni ya kitanda cha Tulinagwe, akauliza swali moja.

"Mwanangu, mume wangu alikuwa mzembe?"

"Hapana, mama."

"Kanisani wananong'ona. Wanasema imeandikwa."

"Kama imeandikwa, itafutwa," alisema Tulinagwe.

Hakutaka kingine. Wala kurudishwa kazini, wala pole. Alitaka neno moja litoke katika karatasi. Siku kampuni ilipoitisha kikao ofisini Tukuyu juu ya taarifa ile, aliniomba nifuatane naye, kwa kuwa mkono wake wa kuandikia ulikuwa bado umefungwa bandeji. Ndiyo maana niliyaona haya kwa macho yangu.

Mkurugenzi, Jackson, alikuwa amekuja kutoka Mbeya. Si mtu mkali, ila ni mtu asiyesoma anachotia sahihi. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mezani palikuwa na vitumbua, chupa ya chai na karai la maji ya kunawa. Bastola ilikuwa polisi. Magazini ya pili, ile iliyokuwa ikipumzika kabatini, ililetwa kikaoni kama kielelezo pamoja na risasi kumi za akiba.

Erasto alizungumza kwa kirefu juu ya utaratibu. Alisema kwamba mlinzi hodari hujaza magazini kwa nusu dakika.

"Afande," alisema Tulinagwe, "kutoka geti lililovunjwa mpaka kibandani ni hatua ngapi?"

"Ishirini na tano. Ipo kwenye mchoro."

"Na kutoka mlango huu mpaka lile geti la nje?"

Erasto alichungulia. "Zinakaribia hizo hizo."

"Naomba mwavuli wako." Alikwisha kuuchukua kwa mkono wa kushoto. "Bosi, naomba unawe. Loweka mikono vizuri, maji ni ya baridi, ndiyo hali tuliyokuwa nayo. Mimi natoka mpaka getini. Ukinisikia nikiita, anza kujaza. Nikikufikia uwe umemaliza."

"Huu ni mzaha," alisema Erasto.

"Mzaha ni ule ulioandika."

Jackson alikunja mikono ya shati. Kisha akazamisha mikono katika karai, akaitoa, akasogeza risasi karibu. Tulinagwe alitoka mvuani. Tulimwona amesimama getini, mfupi, koti la sare limemlowa mabegani.

"Wamepukuchua!" aliita.

Risasi ya kwanza iliingia. Ya pili ilikwenda upande, akaigeuza. Tulisikia viatu vyake kwenye kokoto, vikija kwa kasi ambayo sikuitarajia kwa mwanamke wa umri wetu. Jackson alitazama juu, akatazama chini, akabonyeza kwa gumba lililolowa, risasi ikachomoka ikaanguka kwenye chai. Mlango ukapigwa ukutani. Mwavuli ulishuka juu ya meza kwa nguvu iliyopasua sahani ya vitumbua, sentimita chache kutoka vidoleni mwake. Mkurugenzi alipiga ukelele, akaivuta mikono kifuani.

Ndani ya magazini mlikuwa na risasi mbili.

"Mimi pia nilikuwa na mbili," alisema Tulinagwe, akihema. "Na nilizipata kwa sababu mlangoni alisimama mtu. Wewe mlangoni hukuwa na mtu."

Erasto alianza kusema habari za mazoezi. Jackson alimnyamazisha kwa mkono. Akaiinua magazini, akaigeuza mgongo, akavitazama vile vitundu na namba zake.

"Hivi ndivyo ulivyoviandika kwenye barua?"

"Ndivyo."

"Barua iko wapi?"

"Nilirudishiwa. Ipo hapa."

Aliisoma yote, kwa mara ya kwanza. Kisha akaomba kalamu, akalikata neno uzembe kwa mistari miwili, akaniambia mimi niandike taarifa mpya, Tulinagwe akitaja maneno. Erasto alitia sahihi wa mwisho, bila kuketi. Bado ni msimamizi, na hilo linanikera hadi leo. Lakini pale Kyimo magazini sasa hukaa na risasi zake ndani ya kisanduku cha kufuli, na wanaokabidhiana huigeuza mgongo, hutazama vitundu, basi. Tulinagwe hashiki tena silaha. Alirudishwa kazini afungue na kufunga geti, na vijana wa ng'ambo hawapigi tena kelele.

Kesho yake baada ya kikao tulikwenda Suma. Atupele alituweka barazani, akatupa ndizi za kuchemsha, akasubiri tule kwanza. Hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea: "Geresoni aliuawa akiwa ameuziba mlango kwa mwili wake ili mwenzake ajaze silaha, ambayo ilikuwa tupu kwa agizo la kampuni."

Atupele alikusanya mikono mapajani.

"Ndaga fijo," alisema, na shukrani ile aliielekeza kwa Tulinagwe, si kwangu. Kisha akaita jirani aliyekuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe, akamwambia autue, aje akae.

"Msomee na huyu," aliniambia. "Anza pale pa mlango."