Udongo Juu ya Udongo

Juzi jirani yangu alikuwa anakandika banda la kuku, na alipomwagia maji udongo wa kichuguu, ile harufu nikaisikia mpaka uani kwangu. Wengine wanaipenda. Wajawazito wanautamani udongo huo hadi wanaulamba. Mimi mguu wa kushoto uliniuma palepale, nikakaa kwenye kigoda, nikasema leo nitaiandika habari hii hata kama mwandiko wangu ni wa darasa la nne. Darasa la nne ndiko nilikoishia, na aliyenikomesha nitamtaja kwa jina.

Kwetu ni upande wa Ilongero, na nyumba yetu ilikuwa tembe, yenye paa bapa. Chini boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito nyasi, na juu ya nyasi udongo. Kila mwaka mwezi wa kumi, miti inapoanza kuchipua majani mapya wakati ardhi bado kavu, watu walitengeneza mapaa yao kabla ya mvua. Kazi ile haikuwa ya mtu mmoja. Mwanaume mwenye nyumba alitangaza msaragambo, mke akapika togwa, na Jumamosi majirani wakaja na majembe. Lakini wa kuita ni mwanaume. Mwanamke kazi yake ilikuwa chini, maji na togwa, na juu ya paa hakupanda.

Nilipokuwa darasa la nne, baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Wa kutuitia watu alibaki mdogo wake, baba mdogo Ntandu. Ndiye huyo ninayemtaja. Mtu mnene, mpole wa sauti, anayetembea mikono ameifunga nyuma kama anakagua mifugo mnadani. Shamba letu la mtama lilipakana na lake, na kila alipokuja kutusalimia, macho yake yalitangulia shambani.

Siku moja alimwambia mama mbele yetu, "Shemeji, nyumba hii ikilala chini, hapa si kwako tena. Utarudi kwenu Iramba. Watoto ni wa ukoo, watabaki kwangu."

Mimi na kaka yangu Yohana tulitazamana. Tangu siku ile niliogopa kila mchanga uliodondoka kutoka darini.

Mama alimwomba aitishe watu. Akajibu, "Jumamosi ijayo, shemeji." Ijayo ikafika, akasema ijayo tena. Siku nyingine akapita, akalitazama paa, akacheka kidogo. "Mbona kazi ndogo? Ongezeni tu udongo juu ya ule wa zamani. Paa zito halivuji. Wewe na watoto mnatosha kabisa."

Mama hakuwahi kupanda juu ya tembe. Angejuaje?

Basi Jumamosi zetu zikawa za udongo. Alfajiri tulikwenda kwenye kichuguu, mama akichimba, sisi tukibeba. Yohana alipanda juu na kumwaga, mimi na mama tulimpa kutoka chini. Nilikuwa na ndoo ndogo iliyokatika mkono, naijaza hadi inamwagika ili nisifiwe.

"Umejaza udongo au umejaza maringo?" Yohana alinitania. "Shingo imeingia tumboni!"

"Pokea, mzee wa paa," nikamjibu, "usije ukazeeka hukohuko juu."

Na Jumapili zilikuwa za matembezi. Tukitoka kanisani mama hakurudi nyumbani. Alitupeleka kijiji cha jirani kwaya ilikoalikwa, au kwenye Maulidi, au kwenye msiba, popote palipokuwa na watu. Sisi tulikula na kucheza, tukaona mama yetu anapenda sherehe kupita wanawake wote. Yeye alikwenda moja kwa moja jikoni. Alipasua kuni, alichota maji, alisugua masufuria mpaka watu wakaondoka. Habari ya paa hakuigusa.

Jumamosi ya tatu, mchana kweupe, niliingia ndani kunywa maji. Nikasikia boriti inalia, sauti nyembamba kama ya mbuzi. Halafu giza na vumbi. Yohana aliruka upande wa pili akapona. Mimi mguu ulibaki chini ya boriti, na udongo wote nilioubeba kwa maringo ukawa juu yangu. Mama alinifukua kwa mikono. Kucha zake zilitoka.

Mzee mmoja anayejua mifupa akanifunga mguu kwa vijiti. Jioni Ntandu akaja, mikono nyuma.

"Pole sana. Sasa shemeji, naona Mungu mwenyewe amesema. Funga mizigo."

Mama alikuwa ananipepea. Hata hakugeuka. "Kimeanguka chumba kimoja, shemeji. Viwili vimesimama. Na mvua bado."

Kesho yake palikuwa na harusi kwa Mama Zainabu, jirani yetu Mwislamu. Mama alinibeba mgongoni kama mtoto mchanga, mimi msichana mzima, tukaenda. Akapika kama kawaida. Watu walipokuwa wanakula, akasimama mbele yao na mwiko mkononi.

"Jumamosi nabomoa paa langu lote nilijenge upya. Sina mwanaume wa kuwaita. Nawaita mimi."

Vijiko vilisimama. Mzee mmoja akasema, "Hiyo haijawahi kutokea hapa."

"Na ubwabwa huo unaokula kapika nani?" Mama Zainabu akamrukia. "Mkeo alipofiwa, nani alilala jikoni kwako siku tatu? Kula, mzee wangu, kula vizuri, Jumamosi uwe na nguvu."

Watu wakacheka, yule mzee naye.

Walikuja. Wanaume na wanawake, majembe na makarai. Hata mke wa Ntandu, mama mdogo wetu, alikuja na ndoo yake, hamtazami mtu usoni. Mzee Sinda, fundi wa mapaa, alipanda juu, akachimba kidogo, akapiga mluzi. "Nani aliwaambia mweke udongo mpya bila kukwangua wa zamani? Huu ni mzigo wa nyumba mbili!"

Mama akajibu, "Tulikosea, baba."

Neno lile lilinichoma kuliko mguu. Tulikosea. Nani alijaza ndoo kuliko wote? Mimi. Walikwangua mpaka fito, wakabadili boriti, wakatandika upya, na jua lilipozama nyumba ilikuwa na paa. Wanawake watatu walikuwa juu yake, mama mmojawapo. Mvua ilifika wiki iliyofuata, haikuvuja hata tone. Habari ya Iramba haikutajwa tena.

Mguu ulipona umepinda. Shule ilikuwa mbali, nikaacha. Na miaka yote ile niliamini nilijivunja mwenyewe kwa ndoo yangu.

Nikiwa tayari mama wa watoto wawili, mama mdogo aliugua, nikawa naenda kumwosha. Siku moja alinishika mguu ule uliopinda, akaanza kulia. Akaniambia kwamba wiki ileile aliyotuambia Ntandu tuongeze udongo, paa lake yeye alilikwangua lote mpaka fito. Aliporudi nyumbani alicheka, akasema, "Wacha wapandishe. Hawatafika Krismasi."

Nilichechemea njia nzima hadi kwa mama. Nikamweleza yote. Alikuwa anapepeta mtama, hakuacha kupepeta.

"Nilijua," alisema. "Sinda aliposema tu, nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Mwanangu, ningemtaja Ntandu siku ile, wanaume wa ukoo wangeshuka paani wakaenda kusuluhisha, na mvua ingetukuta nje. Nilikuwa natafuta paa. Sikuwa natafuta Ntandu."

Ndipo nikazielewa na zile Jumapili, masufuria yote yale aliyoyasugua sisi tukicheza.

Mama amelala kaburini, alimsamehe. Ntandu yu hai, mzee wa baraza, watoto wa kijiji wanampa shikamoo naye anaipokea. Mimi paa langu ninalo, la bati, halinidai kitu. Nina nafasi ya kumtafuta Ntandu.